Barua ya wazi kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mahandaki ya barabara yapimwe kwa dakika

Kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha;
Kwa mawaziri wa ujenzi na uchukuzi wa nchi wanachama;
Kwa wakuu wa mamlaka za barabara na wa majeshi ya zimamoto na uokoaji.

Waheshimiwa,

Tunaomba Jumuiya iwe na kipimo kimoja cha usalama wa mahandaki ya barabara, kitakachotumika kwa namna ile ile katika nchi zote nane wanachama, na kianze kutumika kabla mchoro wa handaki refu linalofuata haujapigwa muhuri. Tunaoandika ni wahandisi wa barabara, mafundi wa umeme na wa mifumo ya hewa, pamoja na watu wa kazi ya zimamoto, wakazi wa Arusha na Moshi. Hatupingi mahandaki. Ukuta wa Bonde la Ufa, milima ya Pare na Usambara, vilima vya Rwanda na Burundi vyote vinapandwa na malori mazito, na siku itafika wapangaji watautazama mlima na kuona ni nafuu kuupasua kuliko kuuzunguka. Wakifika hapo, tunataka wakute kanuni zimeshaandikwa.

Treni imetangulia. SGR yetu inapita mahandakini kati ya Morogoro na Dodoma, na ya Kenya inapita chini ya vilima vya Ngong. Uzoefu huo una thamani kwa upande wa miamba, maji na zege, lakini hautoshi kwa barabara. Treni ina dereva mmoja aliyefunzwa, inaongozwa kutoka chumba kimoja na ratiba yake inajulikana. Barabarani kila chombo kinaingia na tangi lake la mafuta, dereva wake na mzigo wake, na wanaokaa kwenye chumba cha udhibiti hawajui kilichofunikwa na turubai mpaka kiwake.

Kwa nini kipimo kiwe kimoja? Kwa sababu magari ni yale yale. Jumuiya ilishalikubali jambo hili ilipotunga sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito wa magari: tani 56 ni tani 56, iwe Holili, Namanga, Rusumo au Mutukula. Dereva anayepakia Mombasa, akaingia kwa Holili, akapita Moshi na Arusha kuelekea Singida na Rusumo hadi Kigali, hawezi kujifunza alama mpya za mlango wa dharura kila anapovuka mpaka. Akiwa ndani ya moshi hana muda wa kusoma.

Ulaya walijifunza hili kwa gharama kubwa mno. Tarehe 24 Machi 1999 lori lenye jokofu, lililobeba majarini na unga wa ngano, liliingia handaki la Mont Blanc kutoka upande wa Ufaransa, likasimama likiwaka karibu na katikati ya safari ya kilomita 11.6. Hapakuwa na mgongano. Hapakuwa na petroli wala kemikali ndani ya tela. Moto ulidumu saa 53 na watu 39 wakafa, wengi wao wakikutwa ndani ya magari yao au hatua chache kutoka hapo. Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Mei, watu 12 walikufa katika handaki la Tauern huko Austria. Mwaka 2001, tarehe 24 Oktoba, malori mawili yaligongana katika handaki la Gotthard nchini Uswisi na watu 11 wakafa.

Baada ya Mont Blanc, chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kilianza kuzunguka nchi mbalimbali kikipima mahandaki na kutangaza alama hadharani. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ukatoa agizo la viwango vya chini kwa mahandaki yanayozidi mita 500 katika mtandao wake mkuu wa barabara. Agizo hilo ni zuri na linafaa kusomwa lote. Linataka kila handaki liwe na msimamizi mmoja anayewajibika na afisa usalama ambaye haamrishwi na mtu katika mambo ya usalama, likaguliwe angalau kila miaka 6, na mazoezi kamili ya uokoaji yafanyike angalau kila miaka 4. Lakini mtu akilinakili na kulibandika hapa kwetu, atakuwa amebeba nambari na kuacha sababu zake.

Chukueni umbali kati ya milango ya dharura. Agizo la Ulaya linaruhusu hadi mita 500 katika mahandaki mapya. Ujerumani wanaweka mita 300. Mwongozo wa Marekani wa NFPA 502 nao unataja mita 300. Uingereza milango inayounganisha matundu (njia) mawili pacha ya handaki huwekwa kila mita 100. Norway, yenye mahandaki ya barabara zaidi ya 1,000, ina mahandaki marefu ya tundu moja yasiyo na njia ya pembeni kabisa, likiwemo la Lærdal la kilomita 24.5, na inategemea kwamba watu watageuza magari na kujiokoa wenyewe. Sasa mkaguzi anayelinganisha nchi kwa orodha ya vifaa atampa nani alama ya juu? Norway ina magari machache katika mahandaki mengi ya aina hiyo. Uingereza ina foleni. Nambari ya mlango peke yake haisemi kama mtu atafika mlangoni akiwa hai.

Kinachosema ni dakika. Tufanye hesabu pamoja, kwa basi la abiria 60 lililosimama nyuma ya lori linalowaka. Mlango mmoja, mtu mmoja kila sekunde mbili: dakika 2 zimekwisha na mtu wa mwisho ndiyo kwanza anakanyaga lami. Hapo tunadhani dereva alifungua mlango mara moja na hakuna aliyerudi kuchukua begi. Milango ikiwa kila mita 500, aliye mbali zaidi yuko mita 250 kutoka mlangoni. Mtu mzima katika hewa safi hutembea takribani mita 1 kwa sekunde akiwa katikati ya kundi. Hiyo ni dakika 4 na kitu. Katika moshi mwendo hushuka hadi nusu ya hapo, na mama mwenye mtoto mgongoni au mzee hushuka zaidi: dakika 8. Na kama lori limesimama mbele ya mlango ulio karibu, umbali unakuwa mita 500 zote. Moshi unaosukumwa na feni kwa mita 3 kwa sekunde hufunika mita 250 kwa sekunde 83.

Ndiyo maana tunasema fomu ya ukaguzi ianze na saa. Moto uanze dakika sifuri. Je, umegunduliwa dakika ya ngapi? Taa nyekundu mdomoni mwa handaki zimewaka dakika ya ngapi, na je, kuna geti linaloshuka au taa tu ambayo dereva wa daladala ataipita? Tangazo la sauti limesikika dakika ya ngapi, na kwa Kiswahili? Feni zimefika kasi iliyokusudiwa dakika ya ngapi? Mtu wa mwisho amefunga mlango wa dharura nyuma yake dakika ya ngapi? Maji ya kwanza yameufikia moto dakika ya ngapi? Handaki lenye kamera mia ambalo mhudumu wake anahitaji dakika 7 kuamua lina hatari kuliko handaki lenye simu za ukutani na mhudumu anayefunga mdomo ndani ya dakika 1.

Tuingie kwenye moshi, maana hapo ndipo tunapoona makosa mengi ya usanifu na ndipo pesa nyingi huenda. Katika dakika chache za mwanzo moshi wa moto hupanda na kubaki darini kama tabaka, na chini yake huwa na hewa inayopumulika. Tabaka hilo ni zawadi. Feni zikiwashwa kwa nguvu zote bila kufikiri, hulivunja, na moshi hushuka hadi sakafuni. Katika tundu lenye magari ya upande mmoja tu, kusukuma hewa kwa nguvu kuelekea mbele kunafaa: walio mbele ya moto wanaendesha kutoka nje, walio nyuma wanabaki kwenye hewa safi. Lakini foleni ikiwa imefunga njia huko mbele, au tundu likiwa na magari ya pande zote mbili, ukisukuma moshi upande wowote unaupeleka kwa watu. Hapo hewa inatakiwa kuzuiliwa iende polepole, karibu mita 1 hadi 1.5 kwa sekunde, mpaka watu watoke, na moshi unyonywe kupitia matundu ya darini yanayofunguka karibu na moto.

Mont Blanc ilikuwa na vyumba viwili vya udhibiti, kimoja Ufaransa na kingine Italia, vya kampuni mbili. Upande wa Italia uliendelea kuingiza hewa safi kwa mfereji ambao ungeweza kugeuzwa unyonye moshi. Hewa hiyo ililisha moto na kuusukuma moshi kuelekea watu waliokuwa wamekwama. Sasa handaki lina uongozi mmoja, na vyumba vya hifadhi kila mita 300 vimeunganishwa na njia ya kutokea iliyo chini ya barabara. Vile vya zamani vilikuwa vyumba tu, bila mlango wa pili. Norway nako, Agosti 2013, lori liliwaka katika handaki la Gudvanga la kilomita 11.4. Mwelekeo wa hewa ulikuwa umepangwa mapema ili zimamoto waingie kwa upande safi. Ukasukuma moshi juu ya watu 67. Wote waliishi, wengi wakiwa wameumizwa na moshi. Hakuna aliyekosea kubonyeza kitufe. Mpango wenyewe ndio uliokuwa na kosa, na mkaguzi anayehesabu feni asingeliona.

Kwa hiyo mkaguzi wetu asikubali cheti cha feni kilichotoka kiwandani. Apime kasi ya hewa kwa vipima upepo vilivyopangwa katika upana na kimo chote cha handaki, juu, katikati na chini, wakati upepo wa nje unavuma dhidi ya feni. Kisha afanye jaribio la moshi wa moto: trei za spiriti zinazowaka pamoja na moshi wa kutengenezwa, ili moshi uwe na joto la kupanda darini. Moshi baridi wa mashine peke yake hauonyeshi kitu, kwa kuwa haupandi. Na wakati wa jaribio, feni moja izimwe makusudi. Handaki lililosanifiwa vizuri huhesabu kwamba feni zilizo juu ya moto zitaungua.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vingi vya nje havilipi uzito: mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya Tanga, na nguvu ya feni ya kusukuma hewa hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ukipanda mita 2,300, kimo cha kingo za Ngorongoro, upungufu unafika asilimia 20 au zaidi. Feni iliyonunuliwa kwa jedwali la nchi ya pwani itaonekana sawa kwenye karatasi na kushindwa siku ya moto. Wakati huo huo injini za dizeli, hasa kuukuu, hutoa masizi mengi zaidi juu milimani, kwa hiyo mahitaji ya hewa yanaongezeka pale pale nguvu inapopungua. Mteremko nao una kazi yake: handaki lililoinama hugeuka dohani, moshi ukakimbilia upande wa juu. Mwaka 1982 katika handaki la Caldecott, karibu na Oakland huko Marekani, lori la petroli liliwaka na watu 7 wakafa. Moshi ulipanda mteremko kuwafuata waliokuwa upande wa juu. Agizo la Ulaya linakataza mteremko unaozidi asilimia 5 katika mahandaki mapya pale ambapo ardhi inatoa njia nyingine, na ukizidi asilimia 3 linataka hatua za ziada. Tunaomba Jumuiya ichukue asilimia 3 kuwa kikomo cha kawaida.

Kuhusu ukubwa wa moto, tusidanganyane na neno mzigo wa kawaida. Nguvu ya moto hupimwa kwa megawati: gari dogo huwaka kwa takribani megawati 5, basi kwa 20 hadi 30. Mwaka 2003, katika handaki lililoachwa la Runehamar nchini Norway, watafiti walichoma mizigo minne ya mfano wa semitrela, mbao, plastiki na samani, bila tone la petroli. Moto ulifika kati ya megawati 66 na 202, na joto likapita nyuzi 1,300. Lori la magodoro kutoka Dar es Salaam au la pamba kutoka Shinyanga ni moto wa aina hiyo. Handaki lililosanifiwa kwa megawati 30 halifai kwa barabara zetu kuu, na tunasema hivyo bila kusita. Kwa joto hilo zege hupasuka vipande vipande, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke. Nyuzi laini za polipropilini, aina ya plastiki, zikichanganywa kilo 1 hadi 2 kwa mita ya ujazo ya zege, huyeyuka mapema na kuuachia mvuke njia. Ni nyongeza ndogo sana katika bei ya zege.

Tunakuja kwenye mafuta, na hapa tunazungumza kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilianguka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa, mahali pa wazi chini ya anga. Na Juni 2025, huko Same mkoani Kilimanjaro, basi na basi dogo yaligongana uso kwa uso na kuwaka. Zaidi ya watu 35 wakafa. Mambo hayo mawili yakitokea chini ya mlima hakuna zimamoto duniani itakayofika kwa wakati. Nchi za Ulaya hugawa mahandaki katika makundi matano, A hadi E: A halina katazo, E limekatazwa karibu mizigo yote ya hatari. Tunataka kila handaki la Jumuiya lipewe kundi lake kabla ya kufunguliwa, na njia mbadala ya malori ya mafuta ichorwe kwenye ramani ile ile ya zabuni, iwe na lami, mizani na maegesho. Katazo lisilo na njia mbadala huvunjwa wiki ya kwanza. Pale ambapo njia mbadala haipo kabisa, malori ya mafuta yapite usiku kwa makundi yenye gari la kusindikiza mbele na nyuma, handaki likiwa limefungwa kwa wengine. Sakafu iwe na mifereji yenye vizuizi vya moto kila sehemu, ili petroli iliyomwagika imezwe isitiririke kwenda kwenye magari ya nyuma.

Msije mkafikiri handaki fupi halihusiki. Huko Shanxi nchini China, tarehe 1 Machi 2014, lori moja la methanoli liliparamia jingine mkiani ndani ya handaki la Yanhou, lisilofika hata kilomita moja, na watu 40 wakafa. Korea Kusini, mwishoni mwa Desemba 2022, watu 5 walikufa katika njia iliyofunikwa kwa paa la plastiki la kuzuia kelele. Haikuwa handaki la mlimani, ila paa lenyewe liliwaka. Julai 2023, nchini humo humo, njia ya chini ya barabara huko Osong ilijaa maji ya mto uliobomoa kingo zake, wakafa 14. Kwa mvua zetu za masika, kila njia inayoshuka chini ya usawa wa ardhi iwe na kipima maji kinachofunga geti chenyewe, na pampu zenye umeme ulio juu ya kiwango cha mafuriko.

Breki ni somo la milima yetu. Malori yanayoshuka Kitonga au ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu hufika chini magurudumu yakifuka. Handaki likiwekwa mwisho wa mteremko mrefu, lori linaingia likiwa tayari na chanzo cha moto. Gotthard na Mont Blanc wana mageti ya kupima joto ambayo humulika kila lori, na lenye magurudumu au injini yenye joto kupita kiasi huelekezwa pembeni. Geti kama hilo linahitaji egesho la angalau malori 10 kabla ya mdomo, maji, na askari mwenye mamlaka ya kulizuia. Bila egesho, kamera inaona na hakuna la kufanya.

Mdomo wenyewe ni hatari ya kila siku. Kiwango cha ajali za kawaida ni kikubwa mdomoni kuliko katikati, maana macho yaliyozoea jua la saa 7 mchana hayaoni kitu yakiingia gizani. Taa za mita 100 za kwanza, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ziwe kali kuliko za ndani, na zipungue hatua kwa hatua.

Zimamoto. Mtungi wa hewa wa lita 6 uliojazwa kwa shinikizo la bar 300 una lita 1,800 za hewa. Mtu anayefanya kazi ngumu hupumua lita 60 kwa dakika: dakika 30, na akiba ya kutokea ikitolewa zinabaki 20. Gawanya kwa kwenda na kurudi. Askari huyo hawezi kutembea mita 700 ndani ya moshi, akavuta mpira wa maji, akamwokoa mtu na kurudi. Kwa hiyo swali la kuwauliza wasanifu ni hili: kikosi kiko wapi, na kitaingia kwa njia gani isiyo na moshi? Kama kituo cha karibu kiko mwendo wa saa nzima, kama ilivyo katika sehemu nyingi kati ya miji yetu, basi handaki linahitaji kikosi chake mdomoni, saa 24, au mfumo wa maji ya kunyunyiza darini. Japani na Australia wameitumia mifumo hiyo kwa miaka mingi. Machi 2007 katika handaki la Burnley, Melbourne, magari yaligongana, yakalipuka na watu 3 wakafa, lakini maji yalifunguliwa mapema, moto ukadhibitiwa na mamia ya watu wakatoka kwa miguu. Sisi tunaona kwamba kwa handaki lolote la kilomita 1 na zaidi katika barabara kuu za Jumuiya, mfumo huo uwe wa lazima. Maji yake yawe kwenye tangi, maana bomba la mji halina uhakika: kwa haidranti peke yake, lita 1,000 kwa dakika kwa saa 2 ni lita 120,000.

Umeme nao tunaujua. Mkaguzi akate umeme wa gridi wakati wa jaribio, bila kumtaarifu fundi wa zamu. Taa za kutokea na matangazo yaendelee kwa betri bila kupepesa, kwa saa 1 kamili. Jenereta ishike mzigo wa feni. Na waya wa feni za upande mmoja usipite juu ya feni za upande mwingine bila kinga ya moto.

Kisha matunzo. Tarehe 2 Desemba 2012 dari la zege katika handaki la Sasago nchini Japani lilianguka kwa urefu wa zaidi ya mita 130, likaua watu 9. Bolti zilizoshikiliwa kwa gundi tangu mwaka 1977 zilikuwa zimechoka, na kwa miaka mingi hakuna aliyepanda kuzigonga kwa nyundo. Kuanguka kwa dari la handaki huko Boston, Marekani, mwaka 2006, kulikoua mtu mmoja, nako kulikuwa la bolti za gundi kuachia polepole chini ya uzito wa dari. Japani ikaweka ukaguzi wa karibu wa kila miaka 5 kwa sheria. Kwetu tuandike wazi kwamba kitu kizito juu ya vichwa vya watu hakiningʼinizwi kwa gundi peke yake, na kwamba sampuli ya bolti hupimwa kwa kuvutwa.

Sasa alama zitolewe vipi? Wastani unadanganya. Handaki linaweza kupata alama nzuri kwa taa, kamera, alama za barabarani na rangi, zikafunika sifuri ya njia ya kutokea. Tunapendekeza mambo manne yasiyofidiwa na kitu: njia ya kutokea, udhibiti wa moshi, kufunga mdomo kwa wakati, na kikosi cha kwanza kufika. Likishindwa moja, handaki limeshindwa, na mdomo unafungwa kwa malori na mabasi mpaka lirekebishwe. Kando ya alama hizo iandikwe hatari yake: idadi ya magari kwa siku, sehemu ya malori, upande mmoja au pande mbili, mteremko, mizigo ya hatari. Hapo ndipo handaki la Rwanda linaweza kulinganishwa na la Kenya kwa haki. Afrika Kusini wana handaki la Huguenot, kilomita 3.9, lililofunguliwa mwaka 1988 likiwa na tundu moja la pande zote mbili huku la pili likiachwa bila kukamilishwa. Wataalamu wake wako bara hili hili. Waalikwe waje Arusha mapema kuliko mshauri wa mbali.

Mkaguzi asitoke katika mamlaka inayomiliki handaki, wala katika kampuni iliyolisanifu. Timu iwe ya nchi tatu, na nchi yenye handaki isiongoze. Handaki likivuka mpaka liwe na chumba kimoja cha udhibiti na mkuu mmoja wa uokoaji, bila kujali moto umewaka upande gani.

Ombi letu kwa Sekretarieti ni kuitisha kikao cha wataalamu wa barabara, umeme, zimamoto na polisi wa nchi zote hapa Arusha, kiandae rasimu ya kipimo hiki ndani ya mwaka mmoja. Kwa mawaziri, tunaomba kila hadidu za rejea za upembuzi yakinifu wa handaki la barabara zidai jedwali la dakika kutoka moto kuanza hadi mtu wa mwisho kutoka, likiwa na sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa na ya kamanda wa zimamoto wa mkoa. Na matokeo ya kila ukaguzi, pamoja na yale ya kushindwa, yabandikwe mdomoni mwa handaki kwa Kiswahili, mahali dereva anapoweza kuyasoma kabla hajaingia.

Wahandisi, mafundi na watu wa zimamoto
Arusha na Moshi